Simu ya Jumanne si ya Kulia

Sheria ilikuwa moja tu, na aliyeitunga ni Neville: simu ya Jumanne si ya kulia.

Aliitunga kwa sababu ya Cyril. Cyril alikuwa wa kwanza katika kundi letu kurudi Uingereza, na Jumanne ya kwanza alitupigia kama tulivyokubaliana. Sisi tuliobaki Benifosca, kijiji chetu cha Hispania, tulikuwa tumeizunguka meza yetu kwenye baa ya Amparo, simu katikati karibu na sahani ya zeituni, tumeweka spika ili wote tusikie. Mzee wa watu alilia hadi zeituni zikatushinda. Alilia kuhusu mvua, kuhusu binti yake asiyepata nafasi ya kumtembelea, kuhusu duka ambalo hata mtu wa kupokea pesa hakuna, unajihudumia kwa mashine. Hazel, aliyekuwa ameshafunga masanduku yake, alirudi nyumbani akayafungua yote. Akabaki. Mwezi wa Agosti alikufa peke yake jikoni, na zilipita siku kadhaa kabla mtu hajashtuka.

Ndipo Neville akasema basi. Alikuwa mkaguzi wa mabasi kule Leeds maisha yake yote, na mkaguzi hastaafu. Akikutazama tu unajikuta unapapasa mfuko kutafuta tiketi.

"Anayetangulia kazi yake ni kuwapa moyo wanaofuata," alisema. "Ukitaka kulia, lia Jumatano."

Hakuna aliyebisha. Watu wa umri wetu tulilelewa hivyo. Ukiulizwa hali unajibu si mbaya, hata kama umetoka kukatwa mguu. Kwa kufa na tai shingoni sisi hatuna mpinzani.

Nisieleweke vibaya, tulikuwa tukisaidiana kweli. Rodney alikuwa na gari refu la kubebea masanduku. Mkewe Jean alijua Kihispania cha ofisini, akawa anakwenda na watu kwa mwanasheria na kuwabana makarani. Neville alifunga kamba na kuandika majina kwenye maboksi. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu ukweli kuhusu vitu vyao: kabati hili halifiki salama, liache; glasi hizi hazina thamani, gawa. Watu walilia, lakini mizigo ilipungua. "Thelma," Neville alikuwa akiniambia, "huo mdomo wako tungeukodisha tungetajirika."

Enid aliondoka vuli. Alikuwa jirani yangu ukuta kwa ukuta, mwembamba, mpole, mtu wa kuomba radhi hata kwa kiti alichokigonga. Alipata fleti katika jengo la wazee mjini Bridlington, dirisha linatazama bahari. Jumanne ya kwanza alipopiga, alituletea Pauline.

Pauline alikuwa jirani yake wa mlango wa pili. Alimgongea Enid na kumletea keki ya ndizi ingali ya moto. Jumanne iliyofuata tukasikia Pauline ana kasuku anayetukana. Halafu Pauline ana goti bovu, na ana dada huko Scarborough asiyeelewana naye. Tulimpenda mno. Jean alikuwa akisema, "Haya Enid, tupe ya Pauline," kabla hata ya kumuuliza Enid mwenyewe ameamkaje. Na Jumanne moja Enid akasema kwa Pauline huwa kunachezwa karata, ila wanakosa mtu wa nne.

Hilo la mtu wa nne ndilo lililompata Neville. Alikuwa hataki hata kusikia habari ya kurudi, kwa sababu ya mkewe. Iris amezikwa kwenye makaburi ya Benifosca, ukutani kama wenyeji, katika vile vijumba vya kaburi vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, safu ya pili kutoka chini, mahali ambapo Neville anafikia bila kupanda ngazi. Kila asubuhi huenda na kitambaa chenye maji akafuta kile kioo cha mbele, akamweleza Iris nani kasema nini. Lakini moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua, daktari yuko mbali, na meza yetu ilikuwa inapungua. "Wanakosa mtu wa nne," alirudia usiku ule tukitoka, akiwa kama mtu anayejaribu koti dukani. Baada ya Krismasi aliiweka nyumba sokoni. Mwezi wa pili akapatikana Mbelgiji wa kuinunua, na katika jengo la Enid kukawa na fleti ya chini iliyo wazi, wakamwekea.

Mimi nilimtangulia. Sikuwa na kaburi la kuacha, mume wangu alinitoroka zamani na mwanamke wa ofisi ya bima na namwombea kheri huyo mwanamke. Yaliyonitoa ni macho. Benifosca iko mlimani, basi hakuna, na siku nilipomkosakosa mbuzi wa watu na gari nikajua nimekwisha. Nilipata fleti jengo lile lile, ghorofa moja na Enid. Siku ya kuondoka Neville alinipa boksi la halua ya lozi.

"Ya Pauline hii," alisema. "Mwambie mtu wa nne yuko njiani. Natia sahihi Alhamisi ya wiki ijayo."

"Na Iris?"

Alijifanya anakaza kamba ya sanduku langu. "Iris anaelewa. Nimemwambia kuhusu kasuku."

Enid alinipokea mlangoni amevaa koti lake zuri na ametia rangi mdomoni. Alinikumbatia akanishikilia kuliko desturi yake. Alikuwa amekonda. Nikamuuliza Pauline yuko wapi, nina mzigo wake.

"Ah, mpenzi, amekwenda Scarborough. Kwa dada yake."

"Si hawaelewani?"

"Wamepatana," akasema, akaenda kuweka birika.

Kesho yake Pauline alikuwa amerudi lakini ana mafua, hataki kuambukiza watu. Keshokutwa amelala. Mimi si mtu wa kungoja. Enid alipokwenda duka la dawa nilichukua halua yangu, nikaenda mlango wa pili, nikagonga.

Alifungua mwanamume mwenye sweta la kijani, mbwa mdogo kwapani. Nilimuuliza Pauline anaendeleaje.

"Pauline gani, mpenzi?" Kwetu Yorkshire kila mtu ni mpenzi, hata anayekufungia mlango.

"Pauline. Mwenye kasuku."

"Hapa ndege hawaruhusiwi. Naishi hapa tangu jengo lifunguliwe, Pauline hatujawahi kuwa naye." Alichungulia upande wa mlango wa Enid. "Kamuulize yule mama wa pale, mwembamba. Jina lake nani yule?"

Miezi yote ile, ukuta kwa ukuta, na alikuwa hajui jina lake. Nilisimama kwenye ukumbi na boksi langu. Milango yote imefungwa, mbele ya kila mlango kijizulia kimeandikwa karibu, na hakuna sauti ya binadamu, televisheni tu.

Enid aliporudi nilikuwa nimekaa jikoni kwake. Alilitazama lile boksi mezani.

"Umegonga," alisema.

"Nimegonga."

Alikaa bila kuvua koti. "Yupo Pauline. Yuko duka la dawa. Ana kibati cha jina kifuani. Siku zile za mwanzo aliniambia, 'Baridi leo, mpenzi.' Wiki nzima huyo ndiye mtu pekee aliyesema nami. Ikafika Jumanne, mnasubiri, sina cha kuwaambia. Nikawaambia Pauline."

"Na kasuku?"

"Mlikuwa mnacheka, Thelma. Nilikuwa nasikia Rodney anapigapiga meza. Nikawa napanga wiki nzima, Pauline afanye nini Jumanne."

"Neville anauza nyumba yake! Anamwacha Iris ukutani, anakuja kucheza karata na mtu wa duka la dawa!"

"Fleti nzuri ile. Ina joto."

"Enid!"

"Na wewe umefuata nini? Ulifuata Pauline? Si ulifuata macho yako?" Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Mlinipigia makofi kwa sababu sikulia. Yule Cyril mlimsema mwezi mzima. Mlitaka niwaambie nini? Kwamba nazungumza na birika?"

Mdomo wangu ukanitoka kabla sijaukamata. Nilimwambia yeye ni mwongo, kwamba Hazel angalau alikufa mahali anapopajua. Enid alinyanyuka akafungua mlango, akasimama kando yake kwa adabu zote mpaka nilipotoka.

Hakunifungulia tena. Niligonga asubuhi, niligonga jioni, nikasikia miguu yake inakuja hadi nyuma ya mlango na kusimama hapo. Basi nikayaonja yale aliyoyaonja yeye. Asubuhi nilivaa vizuri, nikashuka ufukweni ambako upepo unakusukuma kama mtu mwenye haraka zake. Nilinunua samaki na chipsi, nikala kwenye benchi, shakwe wamenizunguka. Nilimsalimia mwanamke mwenye mkokoteni, akatabasamu, akapita. Watu si wabaya. Kila mtu ana watu wake tayari, ndiyo hivyo, na foleni ya urafiki ilifungwa wakati sisi tuko Hispania tukiota jua. Niliila halua yote peke yangu kwa hasira, mbele ya televisheni, nikaharibu meno yangu ya bandia.

Nilikuwa mpweke, sina neno zuri zaidi la kulisema hilo. Na katika upweke ule nilimtaka Neville aje. Niliwaza sauti yake kwenye ngazi, namna anavyogonga mlango kama anataka kuona tiketi. Niliwaza karata. Tungekuwa watatu, Enid angenisamehe mbele yake, maana mbele ya Neville watu husameheana upesi ili asianze kuhutubia. Ningenyamaza tu. Jumanne nipige simu, niseme Pauline anasalimu, Alhamisi atie sahihi, basi. Akifika akagundua, atakuwa ameshafika. Na moyo wake ule, na daktari yule wa mbali. Si ningekuwa nimemwokoa na kifo cha Hazel? Kila nilipofika hapo niliona nimeshamaliza hesabu. Halafu namwona na kile kitambaa chake chenye maji.

Jumanne, kabla ya saa ya simu, mlango wangu uligongwa. Enid, na koti lake.

"Utawaambia nini?"

"Sijui."

"Usinivue nguo mbele za watu, Thelma. Nakuomba. Rodney, Jean, wote wale. Mwambie Pauline amehama. Mwambie amekufa, sijali."

"Tukimwua, Neville atatuma shada la maua."

Midomo ya Enid ilicheza, karibu acheke. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu. Nikaiweka simu mezani, nikabonyeza.

"Baa ya Amparo, tawi la Waingereza!" Neville alipokea. Kwa nyuma ile mashine ya kahawa ilikuwa inapiga mluzi wake. Nilifumba macho nisikie vizuri. "Thelma! Tuko wote hapa. Rodney anakupungia. Jean amekunywa tayari, usimsikilize. Haya, tupe habari."

"Hamjambo nyote? Jean, nyonga vipi?"

"Amekwenda chooni," Neville alisema. "Safari njema?"

"Njema."

"Fleti?"

"Ina joto."

"Unaona! Na Pauline hajambo? Ameipenda halua?"

Enid alikuwa amekaa na mikono mapajani, anatazama zulia. Nilimtazama yeye, nikatazama dirisha langu na bahari ile ya kijivu ambayo nimeilipia. Nilimtaka Neville aje kuliko nilivyotaka kitu chochote kwa miaka mingi, na nilijua nikifungua kinywa nitampoteza.

"Neville, usitie sahihi kwa sababu ya Pauline."

"Kwa nini? Anaumwa?"

"Hayupo. Hajawahi kuwepo. Hakuna karata, hakuna mtu wa nne wala wa tatu. Huku watu hawatujui. Enid alikuwa peke yake, akatutungia mtu kwa sababu wewe ulimkataza kulia. Na halua nimekula mimi."

Mashine ya kahawa ilinyamaza. Nilisikia kijiko kikiwekwa kwenye kisahani.

"Enid yuko hapo?" aliuliza.

"Yuko."

"Enid, mpenzi. Kasuku pia?"

"Kasuku pia," Enid alisema kwa sauti ndogo. "Nisamehe, Neville. Na uniombee radhi kwa Rodney na Jean."

Alipojibu, ukaguzi ulikuwa umemtoka kwenye sauti. "Sina wa kumwomba. Rodney alianguka bafuni siku ile ile Thelma alipoondoka. Mtoto wao alikuja akawachukua wote wawili, Rodney yuko hospitali kule Derby, hasemi. Niko peke yangu hapa. Amparo ameniachia meza nzima, na wateja wengine wamesimama."

"Ebo! Mbona hukusema?" nikamfokea. "Si ungenipigia?"

"Ungekuwa umefika tu, unafungua masanduku. Ningekuvunja moyo. Na simu ya Jumanne si ya kulia." Akacheka kidogo, kicheko kibovu. "Nimejifunga kamba mwenyewe."

Kisha akauliza, "Thelma. Wewe unataka nije?"

Hapo ndipo ilipoumiza. "Nataka," nilisema. "Nataka mpaka najiona mjinga. Hapa ni baridi na hakuna mtu, ila mimi na Enid, na Enid haongei nami."

"Naongea!" Enid akasema.

"Tangu dakika hii anaongea. Ukija, tutakuwa sisi tu, wazee watatu na dirisha. Usije kwa ahadi nyingine. Na Iris humleti, hilo unalijua."

"Asubuhi ya leo nilimuaga," Neville alisema. "Nimefuta kile kioo, nikamwambia itakuwa Alhamisi. Halafu nikasimama pale nashindwa kuondoka, mpaka yule mfagiaji akaniletea kiti." Alivuta pumzi. "Mimi bila ya Pauline sina sababu ya kumwacha, Thelma. Nilikuwa naitafuta sababu, na ile ilikuwa nzuri."

"Najua."

"Basi nitabaki."

"Na moyo wako?"

"Ndio utakaoamua. Amparo ana ufunguo wangu."

Nilitaka kumwambia asiwe mpumbavu, nikamsogezea Enid leso badala yake. Enid alikuwa analia wazi wazi, amelowesha kola ya lile koti zuri, na ilikuwa Jumanne.

"Nanyi mtapiga wiki ijayo?" Neville aliuliza.

"Tukuambie nini? Tumeshaambiana yote. Habari za huku umezisikia na za huko tumezisikia."

"Msiniambie kitu. Wekeni tu simu mezani. Nami nitaweka yangu."

Jumanne iliyofuata Enid alikuja na kiti chake, kwa sababu kwangu kiko kimoja. Tulikuwa hatujapatana sawasawa. Yale niliyomwambia kuhusu Hazel yalikuwa bado yamekaa kati yetu, na nadhani yatakaa. Alimimina chai bila kuniuliza kama nataka. Nikabonyeza simu. Iliita muda mrefu, mkono wa Enid ukawa umenishika kifundo cha mkono, unakaza. Halafu tukasikia mluzi wa mashine ya kahawa na mtu anavuta kiti.

"Nipo," Neville alisema.

"Na sisi tupo," Enid akajibu kabla yangu.

Tukanyamaza, na hakuna aliyekata.